Boksi la Tatu na Jicho la Shemeji

Kwanza nieleze boksi, maana limesemwa vibaya na watu wengi, na mimi mwenyewe nimo.

Gari letu lolote, ukifungua kabati la dashibodi upande wa abiria, ukatoa vitabu vya gari na kitambaa cha kufutia kioo, nyuma yake utakuta boksi la bati lenye feni ndogo. Hiyo ndiyo kompyuta. Inapokea picha za kamera nane, inapima mstari wa barabara uko wapi, gari la mbele liko umbali gani, na nani anataka kujitupa mbele yako. Kisha inamsaidia dereva kushika usukani na kukanyaga breki. Madereva wanaiita msaidizi. Mimi ndiye fundi umeme wa yadi. Maboksi yote nimeyafunga kwa mikono hii, kwa hiyo ninayoyasema sikuyasikia kwa mtu.

Yadi ina magari kumi na manne. Yanabeba wagonjwa wa figo: kuwatoa nyumbani, kuwafikisha hospitali wakasafishwe damu, kuwarudisha. Gari namba tisa ni la shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Ana miaka ishirini na miwili nyuma ya usukani na hajawahi kugusa hata kioo cha pembeni cha mtu. Kilichotaka kumtoa kwenye usukani huo ni kompyuta nzuri kuliko zote tulizowahi kuletewa.

Boksi la kwanza lilikuwa jinga. Lilikuwa likiliona gari la mbele pale tu lilipokuwa limeshafika puani, kisha likakanyaga breki kama limepata habari ya msiba. Kiti cha nyuma ya shemeji hukaa mwalimu mmoja mstaafu, mama wa miaka sabini na kitu, mwenye mshipa wa sindano kwenye mkono wa kushoto. Kila breki ilipokanyagwa ghafla alikuwa akiukumbatia mkono ule kwa mkono wa pili, kama mtoto mchanga. Aliniambia siku moja, fundi, hilo boksi lako linaendesha kama mwanafunzi aliyeamshwa katikati ya somo. Na kuhusu dereva, boksi la kwanza lilijua jambo moja tu: kama kuna uzito kwenye usukani. Kuna mwenzetu, simtaji, alifunga chupa ya maji kwenye usukani ili apumzishe mikono. Boksi likaihesabu chupa kuwa dereva. Chupa ile ilimaliza wiki mbili na rekodi safi.

Mwaka jana wakatuletea boksi la pili. Nilikuwa nimejiandaa kulipinga. Yadini wananiita Kumbukumbu, kwa sababu ya madaftari yangu. Ninayo tarehe waliyoondoa kibanda cha kivuli cha madereva bila kikao, ilikuwa Jumanne. Ninayo tarehe ya kifaa cha kuzuia mwendo, walichosema ni cha majaribio ya miezi mitatu. Majaribio hayo yako mwaka wa tisa. Shule niliiacha mapema. Umeme nimejifunza kwenye magari mabovu, na sheria za kazi kwenye kitabu kilichonyofoka kurasa thelathini za mwanzo, kwa hiyo sijui zinaanzaje ila najua zinavyoisha. Nilipoambiwa kuna boksi jipya, niliandika hoja kumi na moja za kulikataa kabla sijaliona.

Halafu nikalifunga, nikakaa kwenye kiti cha mwalimu, tukazunguka. Liliona lori lililosimama mbali hata mimi sijaliona, likapunguza mwendo taratibu, kama mtu anayejua anakokwenda. Nilirudi nikazikunja zile hoja kumi na moja. Sikuzitupa. Mimi situpi karatasi.

Lakini boksi la pili lilikuja na kamera ya tisa. Hiyo imekaa nyuma ya usukani na haitazami barabara, inamtazama dereva. Inafuata macho yake. Macho yakitoka barabarani zaidi ya sekunde tatu, inawasha taa ya njano, na sauti ya mama mmoja asiye na haraka inasema: tafadhali tazama barabara. Ikikuonya mara tano katika safari moja, msaidizi anajizima na kadi yako ya kumwashia inafungiwa wiki nzima. Taarifa inakwenda yenyewe kwa meneja. Meneja wetu tunamwita Mchakato, kwa kuwa hakuna jambo lisilo na mchakato kwake. Hata ukimsalimu unaona anatafuta hatua ya kwanza. Akabandika tangazo ubaoni: dereva atakayefungiwa mara tatu atatolewa kwenye usukani na kupelekwa kuosha magari.

Sasa shemeji ana kengeza. Nimeliandika neno hilo hapa kwa mkupuo mmoja kwa sababu kulitamka kulinichukua miezi saba. Jicho lake la kushoto linatazama nje, kana kwamba kuna mtu linamsubiri huko. La kulia ndilo linalofanya kazi zote. Amezaliwa hivyo. Daktari wa leseni humpima kila mwaka, na kila mwaka humwandikia karatasi kwamba anaona vya kutosha kubeba abiria. Ila kwetu jicho hilo halitajwi. Hakuna aliyekataza. Siku alipokuja nyumbani mara ya kwanza kujitambulisha, kila mtu sebuleni alikosa pa kumtazama, mwishowe tukamtazama kidevu. Tumemtazama kidevu tangu siku hiyo, na kidevu chenyewe, nakiri, ni kizuri.

Alifungiwa mara ya kwanza mwezi wa pili wa boksi la pili. Akaja karakana, akasimama mlangoni, akaniambia shemeji, boksi lako lina tatizo. Nikamwambia bila shaka ni mwanga.

"Eeh," akasema. "Mwanga."

Basi tukakubaliana kuwa ni mwanga, na mimi nikaingia vitani kupigana na mwanga.

Barua ya kwanza ilikuwa na kurasa nne. Nilieleza jua linavyopiga kioo cha kushoto na kurudi usoni mwa dereva, nikachora na mchoro. Watu wengine hawajibiwi barua, mimi nilijibiwa baada ya miezi sita, na miezi yote hiyo shemeji alikuwa akimzima msaidizi mwenyewe kabla ya onyo la tano. Walikuja wakabandika karatasi nyeusi kwenye kioo cha kushoto cha namba tisa. Shemeji akawa haoni vizuri kioo cha pembeni, ikambidi ageuze shingo zaidi kukitazama, na wiki ile ile akafungiwa mara ya pili.

Barua ya pili ilikuwa na kurasa tisa. Nilitaja mtikisiko, vumbi, urefu wa usukani, joto la kamera, historia ya kifaa cha kuzuia mwendo, na kibanda cha kivuli. Katika kurasa tisa neno jicho lilitokea mara sita, kila mara likiwa jicho la kamera. Nilidhani Mchakato ataitupa. Kumbe aliisoma yote, akaipeleka kwa kampuni inayotuuzia mitambo, nao waliisoma yote. Wakakaa wakajadili. Wakafikia uamuzi kwamba, kwa maelezo ya fundi, boksi la pili halina nguvu ya kutosha kuuona uso wa dereva wa gari namba tisa. Kwa hiyo wakaleta boksi la tatu, moja tu, kwa ajili yake. Lina nguvu mara nne ya lile la pili. Linaona uso wa mtu hata akiwa na miwani ya jua.

Hivyo ndivyo nilivyompigania shemeji yangu: nilimwombea kompyuta yenye jicho kali zaidi la kumtazama.

Kufungiwa ni kwa kadi, si kwa gari. Boksi lilipofika, wiki ya shemeji ya kufungiwa ilikuwa haijaisha, kwa hiyo alipewa gari la Mama Gia aendeshe bila msaidizi, na Mama Gia akapewa namba tisa na boksi lake jipya. Mama Gia ni dereva mkongwe kuliko wote, aliendesha malori kabla hatujaajiriwa sisi. Alirudi siku ya kwanza akaniambia nimpe kitu cha kufanya humo ndani, kwa sababu gari halimhitaji. Alisema waenda kwa miguu linawaona wakiwa bado wanafikiria kuvuka. Mwalimu mstaafu alilala usingizi njia nzima, mdomo wazi, mkono wake wa sindano umetulia pajani peke yake. Ilikuwa mara ya kwanza.

Na wagonjwa wale hukaa kwenye mashine saa nne mfululizo, viti vimepangwa bega kwa bega, hawana la kufanya ila kuongea. Mwalimu aliwaambia wenzake. Kufikia Ijumaa walikuwa wameandika ukurasa mmoja, mistari minane, sahihi thelathini na nane, wakauliza kwa nini gari moja tu ndilo laini. Hospitali ikaiandikia kampuni yetu barua. Siku ya kumi maboksi kumi na matatu yalikuwa stoo kwangu, yanasubiri kufungwa. Mimi nina miaka ishirini ya madaftari na sijawahi kushinda jambo kwa siku kumi. Nilimwuliza mwalimu aliandikaje. Akasema aliandika kinachouma.

Kisha shemeji akarudi kwenye gari lake. Alitoka getini, akawasha msaidizi, na ndani ya dakika kumi na moja akaonywa mara nne. Kabla ya la tano akamzima mwenyewe, akaendesha kwa mikono yake mpaka jioni. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba shemeji kwa mikono yake ni mzuri kuliko boksi la kwanza na anakaribiana na la pili. Kuhusu la tatu alinitazama, akasema la tatu limemzidi kidogo, asamehewe. Sikupenda kuyasikia, lakini mkono ni wake.

Mkataba na hospitali unasema msaidizi awashwe. Kwa hiyo Jumatano Mchakato akaitisha jaribio. Akasema jaribio litahesabika: shemeji akifungiwa, hiyo ni mara ya tatu, na Alhamisi anachukua ndoo.

Nilimwona shemeji asubuhi ile anafuta kiti chake. Hakuna kilichomwagika. Ana miaka hamsini na minne. Anajua nyumba za wagonjwa wote wa njia yake, nani ana ngazi, nani lazima ashikwe kiwiko cha kulia. Nilitaka kumwambia neno. Nikamwambia hali ya hewa ina mawingu, labda itasaidia.

Tulikuwa wanne garini. Shemeji kwenye usukani. Pembeni yake mhandisi wa kampuni ya mitambo, binti mwembamba aliyevaa viatu vya kazi vilivyomshinda, kompyuta mapajani. Nyuma Mchakato na ubao wake wa kuandikia, na mimi kwenye kiti cha mwalimu. Gari lilikwenda kama limepakwa mafuta. Karibu na maghala, lori lilianza kurudi nyuma kutoka kwenye geti la mabati, na kabla sijauona mkia wake gari lilishaanza kupunguza mwendo. Nilikuwa nimeshikilia kiti bure. Mchakato akaniuliza umeona, kwa sauti ya mtu aliyelizaa boksi lile yeye mwenyewe.

Onyo la kwanza lilikuja kwenye mzunguko wa barabara.

"Baba, unatazama wapi?" mhandisi akauliza.

"Barabarani."

"Kompyuta inasema unatazama dirisha la kushoto."

"Inakosea."

Binti akasema kwa adabu kwamba hii ya tatu haikosei sana. Nikaingilia nikataja mwanga. Akageuka akachungulia nje, mawingu yamefunga anga yote, akaniuliza mwanga upi. Nikasema mwanga kwa ujumla.

La pili lilikuja mbele ya kituo cha mafuta, la tatu kwenye taa nyekundu. Kwenye barabara ndefu ya ukuta wa kiwanda likaja la nne, na Mchakato akachomoa kalamu. Shemeji akawasha indiketa. Akasogea pembeni, akasimama, akavuta breki ya mkono, akawasha taa za hatari. Akatoa mikono kwenye usukani akaiweka magotini. Hakugeuka.

"Binti," akasema, "jicho langu la kushoto halitazami ninakotazama mimi. Limekuwa hivyo tangu nizaliwe. Naonea hili la kulia. Huyo shemeji yangu hapo nyuma anajua jambo hili miaka ishirini na sita, na ameandika kurasa kumi na tatu za mwanga."

Taa za hatari zikawa zinagonga tik, tik, tik. Mimi ni mtu niliyewahi kuhutubia yadi nzima nikiwa juu ya pipa, kwenye mvua. Hapo nilitafuta kidevu cha kutazama, na kwa kukaa nyuma hakikuonekana.

"Aa," mhandisi akasema. "Si ungesema tu."

Akageuza kompyuta yake tuione wote. Alieleza hivi. Boksi la kwanza halikuwa na uwezo wa kuona uso. La pili liliuona, lakini halikuwa na nguvu ya kufuata kila jicho peke yake, kwa hiyo lilikuwa linachukua macho yote mawili na kutafuta katikati. Na katikati ya macho ya baba ni kioo cha pembeni cha kushoto. La tatu lina nguvu ya kufuata kila jicho kivyake, ndiyo maana limezidi kuwa na uhakika kwamba jicho moja halipo barabarani. Na ni kweli halipo. Lakini kwa nguvu hiyo hiyo unaweza kuliambia lifuate la kulia na mwelekeo wa kichwa, la kushoto liliache. Boksi la pili usingeweza kuliambia hivyo hata ungelipigia magoti.

"Inachukua muda gani?" Mchakato akauliza.

"Dakika mbili."

"Miezi saba," nikasema.

"Hapana, mbili," binti akanisahihisha.

Akabonyeza. Tukazunguka njia yote ya wagonjwa, dakika arobaini, na yule mama asiye na haraka hakusema neno. Mhandisi akamwomba shemeji atazame magoti yake makusudi: sekunde tatu, onyo. Atazame kushoto: onyo. Kwa hiyo boksi halikuacha kumlinda, liliacha kumsingizia. Tulirudi yadini, nami nikaanza kupumua.

Ndipo Mchakato akasema mabadiliko hayo yanahitaji fomu. Fomu anayo mhandisi, inajazwa kila linapofungwa boksi la aina hii ya tatu, na ina swali: jicho la kufuatiliwa, yote mawili, la kulia, au la kushoto. Meneja anasaini chini. Sasa yeye akisaini kwamba dereva anafuatiliwa jicho moja, amekiri kwa maandishi kuwa dereva huyo ana kasoro, na dereva mwenye kasoro hawezi kubeba wagonjwa mpaka mchakato ukamilike. Shemeji akatoa karatasi ya daktari wa leseni, iliyokunjwa mara nne, ya mwaka huu huu. Mchakato akaisoma, akairudisha, akasema haimo kwenye mfumo. Nikauliza mchakato huo unakamilika lini. Akasema bado haujaandikwa. Atazisaini fomu zote kwa pamoja Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, na ya namba tisa ikiwa ya jicho moja, shemeji asubiri nje ya gari.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa hii: akichagua macho mawili, atafungiwa kabla hajamaliza safari ya kwanza. Akichagua moja, hatatoka getini.

Jioni nilimkuta kwenye bomba ananawa mikono. Nilimwambia nina wazo, ila litanilazimu kuwaambia wenzetu. Akafunga bomba.

"Sema," akaniambia. "Ila usihutubie."

Jumamosi nilianza kufunga maboksi. Kila dereva anasimama karibu na gari lake, namwonyesha, najaza fomu, anaweka sahihi. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Alhamisi, maneno ya haki na utu na tarehe zake. Nikayaacha karakana. Kwa dereva wa kwanza nilisema: hapa unachagua jicho la kufuatiliwa. Mhandisi anasema moja linatosha. Yeyote ambaye Mchakato atamwona na moja, anamtoa garini. Shemeji amechagua la kulia.

Akanitazama, akamtazama shemeji aliyekuwa upande wa pili wa yadi anafuta taa.

"Kumbe ni la kulia," akasema. "Miaka yote hii mimi najitahidi kulitazama la kushoto nisionekane namdharau. Weka la kulia."

Wa pili aliuliza kama inauma. Nikamwambia ni fomu. Akasema basi kulia. Wa tatu hakuuliza. Wa nne aliuliza akichagua moja kama lile jingine linaweza kulala. Mwenye chupa, yule nisiyemtaja, alisema yeye kama ingewezekana angechagua sikio. Mama Gia alisema weka la kushoto, la kulia analitunza. Nikamsihi afuate wenzake isije ikaonekana utani. Akasema yeye hatanii, dereva ndiye anayechagua, fomu si inasema hivyo? Nikaandika kushoto. Hakuna hata mmoja aliyelitaja kengeza, na hakuna hata mmoja aliyehitaji kuelezwa. Walikuwa wanajua wote. Kumbe kila mtu yadini alikuwa na kidevu chake.

Jumapili jua halijazama fomu zilikuwa kumi na nne. Mhandisi alinisaidia kupima kila boksi, jicho moja na kichwa, na yote yakaonya inavyotakiwa mtu alipotazama kando. Hakuuliza kwa nini. Alisema tu kwamba hajawahi kuona yadi yenye madereva wanaofanana hivi.

Jumatatu saa kumi na mbili nilimwekea Mchakato fomu mezani. Alisoma ya kwanza. Alisoma ya pili. Kuanzia ya tano alikuwa anatazama mstari mmoja tu. Kwenye ya Mama Gia alisimama kidogo, akaendelea.

"Hii ni nini?"

Nikamwambia ni chaguo la dereva.

"Yaani madereva kumi na wanne wote wana kasoro?"

"Kwa tafsiri yako ya Jumatano, ndiyo. Kwa tafsiri ya daktari wa leseni, hakuna."

Akasema hii ni njama. Nikasema ni fomu, ameileta mhandisi wake. Akasema basi wote wasubiri nje ya magari. Nikafungua mlango ili aone: walikuwa tayari wanasubiri nje ya magari, wamejipanga kimya karibu na ukuta, na funguo kumi na nne zinaning'inia ubaoni nyuma yangu. Nikamkumbusha kwamba asubuhi hiyo kuna wagonjwa arobaini na wawili, na wa kwanza anachukuliwa saa moja. Sikupandisha sauti. Nilimwuliza kama nimpigie mwalimu mstaafu nimweleze, au atamweleza yeye. Mwalimu angetaka kujua kinachouma.

Mchakato alitazama saa ya ukutani. Kisha akavuta fomu ya juu akasaini. Zote kumi na nne alizisaini hivyo, bila kuruka, kwa mwandiko mzuri, na ya namba tisa ilikuwa katikati tu kama nyingine. Alipomaliza akaniambia ataandaa utaratibu wa kushughulikia jambo hili. Nikaandika tarehe.

Nilikwenda mwenyewe kumkabidhi shemeji funguo. Wenzake walikuwa wameshaanza kutoka, gari moja moja, wanasukumana kwa maneno getini kama kila siku. Mama Gia alipita akamwambia asikawie, wagonjwa wake wameshaanza kujisifu mtaani. Shemeji aliingia, akajifunga mkanda, akapitisha kadi. Taa ya msaidizi ikawaka kijani. Ile kamera ya tisa ikamtazama, naye akaitazama, na hakuna aliyelalamika.

Nikasimama dirishani kwake. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita nilimtazama machoni, nikaona kwamba sijui nitazame lipi, nikachagua la kulia. Akaniambia asante, shemeji. Halafu akateremsha kioo zaidi na kunipa ishara nisogee.

"Dada yako usimwambie," akasema kwa sauti ya chini.

"Nisimwambie nini?"

"Habari za jicho. Hajui, hajawahi kulitaja hata siku moja."

Nilimwambia sitamwambia. Akaingiza gia, akatoka kwenda kumchukua mwalimu.